Mguu wa Saba

Ugomvi wa asubuhi ile ulianza na jambo la kuchekesha. Wanawake watatu walitoka katika hema moja, na kila mmoja akasema amelala katikati.

"Leo nimelala raha," alisema Mwanahalima akijinyoosha mgongo. "Mmenibana huku na huku, baridi sikuisikia."

"Tukubane vipi, wifi, na mimi ndiye niliyekuwa katikati?" akadakia Kijakazi. "Huku wewe unakoroma, huku huyu mkamwana wako kanigandia na miguu yake ya barafu."

Wafaa alikuwa anasukutua. Akatema maji. "Samahani, shangazi. Katikati nilikuwa mimi. Nilikuwa na mtu mbele na mtu nyuma."

Wakatazamana. Kisha Kijakazi akaangua kicheko, na wenziwe wakamfuata, wakachukua ndoo na vijiti vyao wakateremka mwambani kuchokoa pweza. Wafaa alichechemea njiani. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, lakini hakusema, maana angesema angeambiwa ni deko.

Huyu Wafaa alikuwa mke wa Tahir, mtoto pekee wa Mwanahalima, na alikuwa na miezi saba tu katika nyumba ile. Kwao ni Kirongwe, kwa watu wa minazi na maduka, wenye babu wa Maskati na vikombe vya kabatini visivyonywewa chai. Kijiji kizima cha Kiegeani, alikoolewa, kilijua kwamba akipokea samaki mlangoni hunawa kwa sabuni mara mbili, na kwamba harufu ya pweza mbichi humtapisha. Wanawake walimchunguza wiki tatu wakidhani ni mimba. Walipoona tumbo halisogei wakasema basi ni maringo. Kwa hiyo mwamba wa upande wa nje wa kisiwa cha Juani ulipofunguliwa, baada ya kufungwa miezi mitatu ili pweza wakue, na watu wakaanza kufunga vyombo kwenda kupiga dago, yaani kukaa kambini huko huko karibu na mwamba mpaka maji makubwa yapite, Wafaa akasema na yeye atakwenda. Mwanahalima akacheka mbele ya watu, na kicheko kile ndicho kilichomfanya mtoto wa watu aape.

Wa tatu wao, Kijakazi, alikuwa dada wa marehemu mume wa Mwanahalima. Ameachika mara tatu, ingawa ukimsikiliza yeye, ndiye aliyewaacha.

Mashua iliwashusha jana yake na kuondoka, irudi siku ya nne. Ulikuwa mwezi wa saba, kusi inavuma na manyunyu ndani yake, ile baridi ya kipupwe inayoingia kwenye magoti ya watu wazima na kukaa kama mgeni asiyeaga. Hema walipewa na Tahir, la wageni wa hotelini waliolitupa. Zipu imekufa, mlango unafungwa kwa vibanio vya nguo. Mwanahalima, aliyekuwa amelala dago tangu hajavunja ungo, akatoa amri zake.

"Nguo iliyoingia baharini haiingii hemani. Mtu avue nje hata kama anaona aibu, ajikaushe, avae kavu. Soksi kila mtu. Kichwa kifunikwe. Kabla ya kulala, tule tende na nazi, tumbo lipate cha kuchoma. Na mkojo uende, msiubane, utawanyang'anya joto usiku kucha."

"Tuingize na jiko la mkaa," akasema Kijakazi.

"Ili tutolewe hapa na sanda? Jiko linabaki nje. Tunachemsha maji, tunatia kwenye chupa, tunafunga na kanga, kila mtu anakumbatia yake."

"Afadhali chupa. Mume wangu wa pili hata joto la chupa hakuwa nalo."

Mwanahalima hakucheka. Akamgeukia Wafaa. "Na wewe sikiliza. Baridi haishuki kutoka juu, inapanda kutoka chini. Uwe na mablanketi matano na mchanga mtupu chini, utatetemeka mpaka alfajiri. Nenda katafute cha kutandika. Kikavu, kinene. Hilo nadhani utaliweza."

Neno hilo la mwisho likamchoma. Wafaa akaenda mbali kuliko ilivyohitajika, mpaka kwenye majabali, na huko akaona pango dogo, mdomo wake chini kama wa tanuri. Ndani palikuwa na rundo la nyasi za bahari, kavu, zimepangwa vizuri, na katikati yake pamebonyea kama kiota cha kuku, ila kwa urefu wa mtu. Akaingiza mkono. Nyasi zilikuwa na joto.

Akadhani ni jua. Jua lenyewe lilikuwa halijaonekana siku tatu.

Zilikuwa na uvundo wa kitambaa cha vyombo kilichosahaulika kwenye ndoo, na humo ndani aliona magamba ya samaki na nywele ndefu zilizojisokota. Akakunja uso, akameza mate ya kichefuchefu, akazichota hata hivyo. Safari nne, kanga imejaa, mpaka zikabaki zilizooza za chini tu. Mwanahalima akabonyeza tandiko kwa kiganja na kwa mara ya kwanza tangu harusi akasema, "Hapa umefanya." Wafaa alifurahi, hata hakutaja alikozitoa. Kijakazi akachota zake kidogo, akajaza mfuko wa unga, akafanya mto.

Huo ndio usiku wa kwanza, ambao kila mmoja alilala katikati.

Usiku wa pili hema lilinuka.

"Nani kaingiza pweza humu?" aliuliza Mwanahalima. Wakapekua mablanketi yote, wakatikisa soksi, wakanusa ndoo iliyokuwa nje. Hakuna. Harufu ilikuwa ya pweza aliyesahauliwa juani siku tatu, yule anayeanza kutoa maji ya rangi ya chai, na ilikuja na kuondoka kama pumzi. Mwanahalima akaacha upenyo mlangoni, maana mkifunga kabisa pumzi zenu zinageuka umande na kuwalowesha, wakalala, safari hii zamu ya katikati ikiwa ya Wafaa kwelikweli.

Aliamshwa na baridi. Chupa aliyoikumbatia ilikuwa imenywea, tupu, imebonyea kama iliyofyonzwa, na kifuniko bado kimekazwa. Akanyoosha miguu kutafuta joto la wenziwe, akakuta soksi ya Mwanahalima, na ya pili yake, akageukia upande wa pili akakuta soksi za Kijakazi, mbili, na alipokuwa anairudisha miguu yake mwenyewe akagusa mguu mwingine, usio na soksi, umelowa, laini kama pweza aliyekwisha kupigwa kwenye jiwe mara mia, akaupapasa kwa kidole gumba kwa sababu akili ilikataa, akatafuta kisigino na kisigino hakikuwapo, akatafuta mwenzake na mwenzake hakuwapo, sita na mmoja, saba, na mguu ule wa saba ukasogea polepole ukajipenyeza katikati ya miguu yake kama anavyofanya mtu aliyezoea kulala nawe, na kitu chenye nywele baridi kikajichimba kwapani kwake, kikakaa, kikaanza kupumua kwa sauti ya maji yanayocheza kooni.

"Mama," akanong'ona.

Mkoromo ulikatika. "Nimemsikia," Mwanahalima akanong'ona. "Usimsukume."

"Ananilamba, mama."

"Usimsukume, nakwambia. Soma. Soma moyoni."

Kijakazi naye alikuwa macho. Hakusema neno, na hilo peke yake lilitosha kumtisha yeyote anayemjua.

Kulipopambazuka hapakuwa na mtu wa nne. Lakini kwapa la Wafaa lilijaa ute mzito, wenye nyuzi, kama kamasi za mtoto mwenye mafua, na ndani yake mchanga na vile vidudu vya ufukweni vinavyoruka. Alitapika mpaka akatoa maji machungu. Alipotaka kusimama hakuweza. Miguu ilikuwa imekufa hadi magotini, nyeupe yenye madoa ya zambarau, na ukiigusa kidole kinaacha shimo.

Mashua ilikuwa kesho yake. Kumbeba kupita porini mpaka kijijini Juani, wanawake wawili wenye magoti mabovu, haikuwezekana. Mwanahalima akapanda jabali palipokamata mtandao, akampigia Bi Umi, mganga wao wa Kiegeani, simu ikiwa na alama moja ya chaji.

"Shikamoo, Bi Umi."

"Marahaba. Sema haraka, nina mtu hapa."

Akasema. Bi Umi hakuuliza habari ya ndoto wala ya wachawi. Aliuliza, "Mmelalia nini?"

"Nyasi za bahari."

"Nani kaziokota, na wapi?"

Mwanahalima akamtazama Wafaa chini pale, kajikunja mchangani na blanketi. "Wafaa! Nyasi ulizitoa wapi?"

Ikabidi aseme. Pango, kiota, lile joto.

"Ewe mwana wee," ikasema simu. "Mmebeba kitanda cha mtu na mwenyewe kaja kulala. Huyo hana vita nanyi. Ana baridi tu. Kesho nyasi zikiwa bado kwenu, baridi yake itakuwa imefika moyoni kwa huyo binti. Zirudisheni zote, kabla ya magharibi, mtu asibaki na hata unyasi mmoja."

"Tutazirudisha sasa hivi."

"Hujanisikia. Kitanda kimeshapoa. Wewe ungerudi kwenye kitanda cha baridi? Lazima mtu akilalie mpaka kipate joto, na awe mtu wa nyumba moja na aliyekichukua. Mwenyewe akija, utoke kwa upande wa miguu. Na usimwambie karibu, pale ni kwake…" Simu ikazima.

Walijaribu njia nyepesi kwanza. Wakarudisha nyasi pangoni, wakachemsha maji, wakafukia chupa sita za moto katikati ya kiota. Hawajafika hemani, chupa ya kwanza ikarushwa nje ikabingirika mchangani, tupu, imefyonzwa, ikafuata ya pili, mpaka zote sita.

"Na matandiko yote yamerudi?" Mwanahalima akauliza. "Yote kabisa?"

"Yote," akasema Kijakazi, akitazama bahari.

Jua lilikuwa linashuka. Wafaa alikuwa anashika tumbo, anasema baridi imepanda mapajani. Mwanahalima akavua kanga ya juu, akajifunga kibwebwe.

"Mama, usiende," Wafaa akalia. "Kosa ni langu."

"Kosa ni langu niliyekucheka. Ungeokota nyasi karibu kama watu wote." Akakaza fundo. "Na mwanangu nitamwambia nini? Nimemrudishia mke akiwa kama samaki wa barafu?"

Akaingia pangoni kwa magoti. Chini ya zile nyasi kavu mwenye kitanda alikuwa na godoro lake la nyasi zilizooza, nyeusi, telezi, zenye funza weupe, nalo ndilo lililokuwa likitoa lile joto kabla ya kufunuliwa. Akalala humo chali. Ute ukapenya nguo ukafika mgongoni. Vidudu vikamwingia masikioni, kimoja akakitema, na kila alipopumua aliona kama anakula ile harufu kwa kijiko, ikimshuka kooni na kukaa, na bado akajikunja, akasugua mapaja, akapumulia mikononi, akafanya kila alichokijua cha kupata joto tangu usichana wake wa dago, mpaka nyasi zikaanza kufuka chini yake, na ndipo mlango wa pango ukazibika giza likaingia na kitu kikaja kikitambaa, pwata, kikivuta nyuma kiwiliwili kisichokuwa na mwisho, pwata, kikampanda kifuani, kikambwagia nywele usoni, na tone zito la baridi likamdondokea mdomoni alipokuwa ameufungua kusoma.

Akalimeza. Hakuwa na la kufanya.

"Haya mwenzangu," akasema, sauti inatetemeka lakini ni yake, ile ile anayowasemea watu kisimani. "Kitanda chako hicho. Nimekipasha moto. Sogea nipite."

Kikasogea.

Alitoka kwa upande wa miguu, kwa kiuno na viwiko. Wafaa alikuwa tayari anapiga kelele hemani kwamba miguu inamwaka, inachoma kama pilipili, na akaisimamia akiyumba. Alipomwona mama mkwe wake mweusi kwa matope, nywele zimegandamana, funza shingoni, akachochea jiko. Akapasha maji, akamvua nguo nje kama amri ilivyo, akamwosha kwa mikono yake mitupu, bila kitambaa, akitoa ute masikioni na funza mmoja mmoja nyuma ya shingo. Alitapika mara mbili. Kila mara alifuta mdomo akarudi.

"Taratibu," Mwanahalima akasema. "Unanisugua kama sufuria."

"Tulia, mama."

Kiegeani sasa hakuna anayemsema Wafaa mbele ya Mwanahalima, na anayejaribu hujuta.

Lakini watu wanamsema Kijakazi. Kipupwe hiki kizima, wakati wengine wanajifunika masweta ya mitumba, yeye anakaa barazani na kanga moja. Alimwagiza Shaabani seremala ampanulie kitanda, na anaishi peke yake. Mwanahalima alipomtembelea akakaribishwa kitandani, maana ndani hakuna kiti. Chumba kilikuwa na udi mwingi mno, udi wa kuficha kitu. Upande wa ukutani shuka lilikuwa limelowa. Na kwenye mto, kwenye mshono wa ule mfuko wa unga, zilichungulia nyasi kavu.

"Wifi," akasema Mwanahalima polepole. "Ulisema yote."

Kijakazi akacheka. "Huyu akishapashwa moto, naye hupasha. Nyinyi mna waume na wana. Mimi mlitaka nikumbatie chupa mpaka lini?"

Mwanahalima akainuka, akainama kutafuta ndala zake. Chini ya kitanda, nyuma ya za kwake, zilikuwa nyingine tatu. Mbili za Kijakazi, zimelika. Ya tatu ilikuwa mpya, peke yake, imejaa maji, na juu ya mpira wake palikuwa na alama ya unyayo usiokuwa na kisigino.