Fundi Aliyejifunza Kumsikiliza Mwanawe

Kila Jumapili alasiri, fundi cherehani alizima mashine, akafagia vipande vya nguo, akaketi karibu na simu. Binti yake, kitinda mimba, alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali. Mwaka wa tatu huo.

Wiki nzima alimkumbuka mpaka moyo ukamuuma. Lakini simu ikilia, mawazo yalitimua mbio. Anakula kweli? Atarudi lini? Binti alizungumza, mama akajibu, "Ehe, ehe." Simu ikikatika, hakukumbuka hata neno moja. Hapo alilia.

Jumapili moja binti alisema, "Mama, nimekuuliza mara mbili. Naongea na ukuta? Basi tuandikiane tu."

Fundi alikwenda kwa jirani yake, nesi wa zahanati.

"Mwenzangu, nampoteza mwanangu huku naongea naye!"

"Kaa hapa. Fumba macho. Fuata pumzi inavyoingia na kutoka. Mawazo yakitoroka, yarudishe kwenye pumzi bila kujigombeza."

Fundi akatulia. Punde mashavu yakamvimba.

"We! Pumua!" Nesi alicheka. "Umebana pumzi kama unatunga uzi kwenye sindano."

"Ndivyo nilivyozoea," fundi alisema akihema. "Halafu mawazo yangu yote ni yeye, na mimi sitaki kumsahau."

"Nani kasema umsahau? Unajifunza kurudi tu. Cherehani ulijifunza siku moja?"

"Thubutu! Miezi."

"Ubongo nao hivyo hivyo. Watafiti wamewapima watu waliofanya zoezi hili kwa muda mrefu. Sehemu za ubongo zinazohusika na mawazo ya kutangatanga zilionekana kutulia zaidi. Anza na dakika kumi kila siku. Si dawa ya kila kitu. Huzuni ikikuzidi, njoo zahanati."

Wiki ya kwanza fundi alisinzia. Ya pili alikasirika, akaona anapoteza muda. Ya tano mawazo bado yalikimbia, ila sasa alijua yamekimbia, akayarudisha.

Wiki ya nane alimwandikia binti: "Nipigie, mwanangu."

Binti alipiga. "Mimi mzima, mama. Kazi nzuri. Chumba kizuri."

Fundi alisikia kila neno. Akasikia pia sauti ikitetemeka.

"Umelia leo?"

Binti alishtuka.

"Nani kakwambia?"

"Sauti yako, mwanangu."

Binti akaangua kilio. Fundi alitamani kumkumbatia hata mikono ikamuuma. Hakuharakisha kumnyamazisha.

"Nipo, mwanangu," alisema. "Niambie yote."

Binti akaanza kusimulia, na mama akamsikiliza mpaka mwisho.