Kidole cha Mke

Fundi seremala alikohoa, na kabla mkewe hajafungua kinywa, mtu mwingine akasema, "Pole."

Ilikuwa sauti ya kike, laini, isiyo na haraka. Mke akaacha kukunja shuka, akaitazama simu. Ilikuwa mezani, imezimwa.

"Siku hizi daktari wako anakupa pole hata simu ikiwa imezimwa?"

"Maneno gani hayo, mama watoto?" mume akajibu akihema. Vumbi la mbao la miaka thelathini lilikuwa limemla mapafu, kila sentensi aliikata mara mbili.

Tuseme ukweli, mke alikuwa na wivu, na wivu wenyewe ulikuwa na saa yake. Kila siku saa nne asubuhi daktari alipiga simu ya video. Ikifika saa tatu na nusu, mzee asiyetaka hata kunawa uso alidai wembe na shati la kola. Mke ndiye aliyembana kidoleni kile kipimo cha oksijeni na kumsomea namba, lakini vicheko vyote vilikwenda kwenye simu. Tena yule binti, akishauliza habari za makohozi na dawa ya kuvuta, alimalizia kwa amri: "Dada, usimsonge mgonjwa. Rudi mlangoni apate hewa."

"Mimi niliyemzalia watano," mke alinung'unika akisogea, "nafukuzwa chumbani kwangu na kitoto cha kwenye kioo!"

Asubuhi moja kipimo kikasoma themanini na sita, hewa ya kumtosha haikuwepo. Mke akageuka, akakibana kwenye kidole chake mwenyewe, akakionyesha kwenye simu: tisini na nane. Kesho yake akarudia, na keshokutwa.

"Hongera, mzee!" daktari akafurahi. "Basi sasa nitapiga kila baada ya wiki mbili."

Mume alinuna. Mke alipika huku akiimba.

Siku ya tatu bila simu, chumba kikaanza kunukia marashi yasiyo ya mke. Godoro likabonyea upande wa ukutani, ambako halali mtu. Siku ya tano, mchana kweupe, akiwa jikoni alisikia pumzi ya mumewe ikipiga filimbi, na juu yake pumzi nyingine, nzito, iliyoshiba, ikimnyang'anya hewa kila alipojaribu kuivuta, na alipokimbilia chumbani akamkuta midomo ni ya majivu, macho yamemtoka, mikono imekumbatia kitu kisichoonekana, na marashi yamejaa mpaka yanakaba koo.

Akampigia daktari kwa video.

"Mama," daktari akasema kwa sauti ya chini, "mwambie huyo dada ainue kichwa. Amemlalia kifuani."

"Dada gani? Tuko wawili tu!"

"Yule wa kila siku. Nilidhani ni msaidizi wenu. Nikimwambia arudi mlangoni, hurudi. Na mbona mgonjwa yuko hivi? Si mlinipa tisini na nane?"

Mke akaishusha simu. Kinywa cha mumewe kikafunguka, ikatoka ile sauti laini, bila kikohozi. "Usimwambie ya kidole. Atakucheka."

Kukiri mbele ya yule binti! Aibu ilimshika ulimi, huku kifua cha mumewe kikizidi kuzama.

"Kilikuwa kidole changu!" akapasuka kwa kilio. "Nilikuonea wivu. Niokolee mume wangu!"

"Gari la wagonjwa linakuja. Nielekeze kitandani." Sauti ya daktari ilitetemeka, lakini alisema. "Dada. Shuka. Mlangoni."

Chaga za kitanda zikalia. Mume akavuta pumzi ndefu.

Alirudi kutoka hospitali baada ya wiki moja. Sasa daktari hupiga mara tatu kwa siku, na mke ndiye humkumbusha.

"Yuko?" hunong'ona.

"Yuko mlangoni, mama."

Jana daktari alimsifu mzee kwa kupata nafuu, na mzee akatabasamu, tabasamu ambalo mkewe hajalipata tangu harusi. Hakuwa akiitazama simu. Mke akayafuata macho yake mpaka kwenye mlango usio na mtu, na pale ambapo angepaswa kuogopa, akaona wivu.