Umbo Lililoganda Kwenye Plasma

Televisheni zote dukani zilikuwa zinaonyesha mechi moja, ila kwenye plasma kubwa ya ukutani kulikuwa na mtu wa ziada. Alikaa kona ya chini ya kioo, umbo la kijivu lililofifia, mikono juu ya magoti. Wachezaji walimpita, yakaja matangazo ya sabuni, yeye hakusogea.

"Hiyo hapana," mke wa fundi redio alimnong'oneza mumewe. "Tuchukue ile ndogo nyembamba, tuondoke."

"Ile ya kutazamia kwa darubini?" fundi alijibu bila kugeuka.

Walikuja dukani na hasira zao. Juzi yake jirani alikuwa amemfungia mlango usoni binti yao wa miaka saba, akamwambia akatazame katuni kwao. Ndiye mtoto wao pekee, waliyempata baada ya miaka kumi na moja ya mke kusemwa na ndugu wa mume. Alirudi nyumbani ana kwikwi. Fundi, ambaye nyumba yake ilijaa televisheni mbovu za watu na hakuwa na hata moja nzima ya kwake, akaapa kuleta kioo kitakachomtia jirani homa.

"Hiyo ina picha iliyoganda, bosi," muuzaji alisema. "Aliyeniletea ni mganga mmoja mama, mtaa wa nyuma. Kasema iuzwe hivyo hivyo, isifutwe."

"Mganga anajua nini kuhusu plasma? Unaiwekea picha nyeupe tupu, unaiacha iwake, inajifuta yenyewe. Siku tano tu. Kazi yangu hiyo, usinifundishe."

Muuzaji akaanza kuandika risiti. Fundi huyu alikuwa mtu wa kujua kila kitu, na watu wa namna hiyo wanachosha.

Kile kioo walichokipeleka nyumbani kilikuwa kizito kama mlango wa chuma. Kilipowashwa kilitoa joto la pasi na kunguruma chini chini. Fundi alichomeka flashi yenye picha nyeupe, sebule nzima ikawa nyeupe, na lile umbo likaonekana vizuri zaidi likiwa limekaa katikati ya weupe ule.

Siku ya pili miguu yake ilikuwa imefutika. Siku hiyo hiyo mke alianza kusikia harufu ya nywele zilizoungua, na hakuna aliyekuwa ameunguza nywele.

Siku ya tatu, saa nane mchana, aliingia kutoka kuanua nguo akamkuta binti yake amejibana mwisho wa kochi. Mto wa katikati ulikuwa umebonyea.

"Mbona umejikunja huko, mwanangu?"

"Namwachia nafasi."

"Nani?"

"Yule anayetoka," mtoto alisema kwa sauti ndogo.

Mama aligusa mto. Ulikuwa wa moto. Alimbeba mtoto mpaka barazani, akamfuata mumewe kwenye meza yake ya kazi.

"Baba nanihii, zima kile kitu."

"Limebaki kichwa tu," fundi alisema. "Mwanamke ukishaingiwa na woga, hata kivuli cha chungu utakikimbia."

Mke alimchukia wakati ule, na hakuficha. Alimtazama kama mtu anavyotazama uchafu kwenye kiatu.

Siku ya tano kioo kilikuwa safi kabisa na fundi alipiga mluzi wa ushindi. Alasiri hiyo, jua likiwa bado kali na madirisha yote yakiwa wazi, walikaa watatu sebuleni kwa mara ya kwanza, na ndipo kochi likalia lenyewe kwa uzito wa mtu anayenyanyuka, kisha kigoda cha mlangoni kikalia, kisha kiti cha mbao kilichokuwa karibu na mtoto, kimoja baada ya kingine, kama mgeni anayechagua pa kukaa, na ile harufu ya nywele ikaja mbele yake, nzito, ikiwaingia mpaka kooni, na mtoto akainua mkono wake polepole bila kulia, akawaonyesha alama nne nyekundu zilizokuwa zinatokeza kwenye ngozi, alama za vidole virefu kuliko vya mtu yeyote.

Jioni hiyo hiyo yule mganga wa mtaa wa nyuma aliwapokea amesimama mlangoni, wala hakuwakaribisha ndani.

"Mmelifuta," alisema. "Nililitega mwenyewe kwenye kioo kile, ila sikulifunga sawasawa. Mjuaji mmoja akaja akalifungulia."

"Litamwua mwanangu?" mama aliuliza.

"Halina haja ya kumwua, linataka pa kukaa. Rudini. Wekeni kwenye kioo picha ya kiti kitupu, fungeni mlango, nyote mkae nje. Litakitamani, litaingia. Umbo likikamilika, chomoeni waya hapo hapo. Umeme ukikatika likiwa limekamilika, halitoki tena, hata mfute mwaka mzima."

Walifanya hivyo siku ya pili yake. Fundi alipiga picha ya kiti, akaiweka kwenye kioo, akafunga mlango kwa ufunguo. Walikaa barazani tangu asubuhi, mtoto katikati yao, kichwa kwenye paja la mama yake. Mchana alilala. Mama alishukuru, akasema afadhali apumzike kidogo. Alipoamka jioni alikuwa na joto, na mama akasema ni jua.

Saa kumi na mbili kasorobo fundi alifungua mlango. Juu ya kile kiti cha kwenye kioo palikuwa na umbo, limekamilika, lina ukingo mkali kama limekatwa kwa wembe.

"Limeingia," alinong'ona. Machozi yalimtoka, na mkono wake ukashika waya.

"Ngoja," mkewe alisema. "Ngoja, baba. Mbona dogo?"

Walisogea. Umbo halikuwa limeweka mikono magotini. Lilikuwa limejikunja mwisho wa kiti, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi, na mdomo wake ulikuwa wazi.

"Chomoa, Baba," binti yao alisema nyuma yao.

Alikuwa amesimama mlangoni. Harufu ya nywele zilizoungua ilitoka kwake. Fundi aliuachia waya kama umemng'ata, akadaka rimoti, akaanza kutafuta ile picha nyeupe.

"Ile kazi ya siku tano, Baba," mtoto alisema. Alikwenda kwenye kochi, akakaa katikati, akaweka mikono juu ya magoti. "Na leo zamu ya mtaa wetu kwenye mgao. Saa kumi na mbili umeme utakatika wenyewe. Tukae, tungoje."