Firigisi ya Mheshimiwa

Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kimeu mpishi alitoka jikoni na karai la makombo, akafika kwenye boma la Mheshimiwa, akakuta lango wazi na Mheshimiwa hayupo. Karai likamponyoka. Alipiga ukemi ulioamsha madereva wa malori waliolala ng'ambo ya barabara.

"Woi! Mheshimiwa ameibwa!"

Kwa asiyeijua Emali, afadhali isemwe mapema kwamba hakuna mbunge aliyeibwa. Mheshimiwa alikuwa mbuni. Alikuwa na kimo cha futi nane, uzito wa kilo mia moja na ishirini na kibali chake cha kufugwa kilichotundikwa ukutani. Jina alipewa kwa sababu alimeza kila alicholetewa na vingi ambavyo hakuletewa. Wasafiri wa Mombasa walisimama kwenye hoteli ya Mzee Mwau wapigwe picha naye, na wakishasimama, wanakula. Bila yeye ile hoteli ilikuwa chapati na vumbi.

Inspekta Katunge alifika saa mbili kasorobo, na hakuingia bomani. Alisimama nje, mikono nyuma, akajifanya anachunguza waya wa ua. Ukweli ni kwamba akiwa darasa la tatu huko Zombe, bata mzinga alimkimbiza mpaka chooni na kumlindia mlango mchana kutwa. Tangu siku hiyo hakumwamini kiumbe yeyote mwenye mdomo mgumu. Siri hiyo aliijua yeye, Mungu, na dereva wake, Konstebo Nzau, ambaye hakuwa na adabu nayo hata kidogo.

"Madam, ingia tu. Si ndege ameibwa?"

"Nyamaza, Nzau. Piga picha alama za magurudumu."

Lango halikuvunjwa, lilifungwa kwa waya tu, na waya ulikuwa umefunguliwa taratibu. Alama zilikuwa za pikapu. Chini, karibu na lango, ililala soksi moja nyeusi, ndefu, imekatwa upande wa vidole.

"Hiyo ni ya daktari!" Kimeu akasema. "Jana ametuonyesha. Mbuni ukimvisha soksi kichwani, mdomo ukabaki nje, anatulia kabisa. Unampeleka unakotaka. Sisi hatukujua hiyo maneno."

"Jana mlikuwepo akina nani?"

"Mimi, mzee, na mwalimu Kavata."

Mzee Mwau alisimama kando katika suti yake ya kahawia, barakoa imempanda mpaka chini ya macho. Alikuwa mzee wa kanisa, amefiwa na mkewe miaka sita iliyopita, na Jumamosi hii alikuwa anatoa mbuzi wa mwisho wa ntheo, mahari ya Kikamba, na kufanya sherehe kwake, ili mwalimu mkuu Kavata, wa shule moja ng'ambo ya mji, awe mkewe kwa mila na kwa baraka za pasta.

"Mzee, unaumwa?"

"Mafua ya ndege," akajibu nyuma ya barakoa. "Tangu Jumapili. Sitaki kuwaambukiza."

"Unamshuku nani?"

Mwau akaitazama soksi. "Yule daktari ndiye wa mwisho kumshika. Mimi sisemi kitu, Inspekta. Nasema tu ndiye wa mwisho."

Daktari mwenyewe alifika saa mbili na nusu na masanduku mawili ya vifaa, tayari kwa upasuaji, akapokewa na pingu za Nzau. Katunge akamwambia Nzau azirudishe mfukoni. Waliketi chini ya turubai la hoteli.

"Jina?"

"Daktari Yurub Abdisamad."

"Daktari wa nini hasa?"

"Ndege, na wanyama ambao madaktari wengine hawawataki. Kasuku, kobe, chatu."

"Chatu huumwa nini?"

"Wa mwisho alikuwa amemeza shuka."

"Ukaitoa?"

"Shuka na foronya."

Katunge akaandika, kisha akafuta foronya. "Wewe ni binti wa Abdisamad wa ng'ombe? Wa hapa sokoni?"

"Ndiye baba yangu. Alinisomesha akijua atapata daktari wa ng'ombe wake. Nilipomwambia nimebobea kwa ndege, akaniuliza, 'Kasuku ana maziwa?' Miaka kumi na miwili sasa, bado ananiita 'huyu wa ndege.'" Alikunjua mikono mezani. "Inspekta, nikishtakiwa kumwiba mnyama niliyemtibu, leseni inaenda. Sitatibu hata jogoo. Lakini hilo tuliweke kando. Firigisi ya huyo mbuni imeziba, hajala tangu Jumatatu. Asipopasuliwa leo, hataiona kesho. Nitafutie ndege kwanza, unikamate baadaye."

Katunge alikuwa amewahoji wezi miaka kumi na tisa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumharakisha.

"Ana mafua?" akauliza.

"Nani, Mheshimiwa? Hana. Nimempima mwenyewe."

Katunge akageuza kichwa, akaitazama barakoa ya Mwau kwa mbali.

Yurub akafungua kompyuta, akamwonyesha picha ya eksirei. Firigisi ya Mheshimiwa ilionekana nyeupe tele: kokoto, boliti, vifuniko vya soda, vijiko. Katikati kulikuwa na waya mwembamba uliopinda huku na huku.

"Huu waya ni wa nini?"

"Sijui. Jana niliwaambia tutautoa na kila mtu atauona. Mwalimu Kavata alikuwa alete darasa la sita, wajifunze sayansi."

"Mzee Mwau alikuwepo ukisema hivyo?"

"Alikuwepo. Alikaa chini ghafla. Nilidhani ni jua."

Bomani, Yurub alichuchumaa karibu na lundo la mavi. Katunge aliuliza mara tatu kama ndege kweli hayupo, ndipo akaingia.

"Tazama. Haya yamefikichwa yakawa unga," Yurub akasema. "Na haya ya juzi pia. Mbuni hafanyi hivi. Mtu ameyachekecha."

Kimeu akajipiga kofi la paja. "Kumbe! Chekeche langu ndilo limeenda huko? Tangu Jumapili natoa wadudu kwa unga na vidole!"

"Huyo mtu anatafuta kitu chake," Katunge akasema polepole. "Na hataki kionekane na darasa la sita."

Saa saba, Mzee Mwau aliwakaribisha mezani, maana mzee wa kanisa hawezi kuacha serikali ikae njaa. Kavata akaja kutoka shuleni, macho mekundu kwa kumlilia mbuni. Kimeu akaleta kuku wa kienyeji, na kama ilivyo desturi, firigisi ikatangulia kwenye sahani yake peke yake, ikawekwa mbele ya mwenye nyumba.

Na Ukambani firigisi haina mjadala. Ni ya baba. Mtoto akiidokoa atachapwa, na mwanamke hata haiulizi. Mwau mwenyewe, kwa habari za Kimeu, aliwahi kumfuta kazi mhudumu kwa kuiuzia meza namba nne.

Mzee aliitazama ile firigisi kwa mapenzi makubwa. Kisha akaisukuma sahani.

"Mpe Inspekta."

Upawa ukamponyoka Kimeu. "Mzee, Inspekta ni mwanamke."

"Ni serikali," Mwau akasema.

Katunge alikuwa na miaka arobaini na minne. Alikuwa ameshaona firigisi zikipita mbele yake zikienda kwa baba, kwa kaka zake watatu, kwa mumewe, na moja, hadi leo anaikumbuka kwa uchungu, kwa fundi wa mabati. Aliichukua kwa vidole viwili, akaitia mdomoni kabla mtu hajabadilisha mawazo. Ilikuwa tamu, na ilikuwa ngumu. Alitafuna, akatafuna, na kadiri alivyotafuna ndivyo akili ilivyofunguka. Firigisi ni kazi ya meno.

"Wewe huli, mzee?"

"Nimeshiba."

"Siku nne ni uji tu," Kimeu akanung'unika. "Uji mwepesi. Utadhani nimepikia mtoto."

Mwau akainuka. Alikuwa na haraka, akasema, aende Malili akaone mtu wa mahema ya Jumamosi. Pikapu yake ikaondoka na vumbi.

"Nzau, mwache atangulie kidogo," Katunge akanong'ona. "Daktari, leta masanduku yako."

"Nimekamatwa?"

"Ngoja nimalize kutafuna. Twende."

Malili, nyuma ya kinu cha posho kilichofungwa zamani, pikapu ilikuwa imeegeshwa kwenye magugu. Mlango wa kinu ulikuwa umerudishiwa tu. Katunge alichungulia, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Mheshimiwa alikuwa amelala sakafuni, shingo chini, soksi kichwani. Mbele yake Mzee Mwau alichuchumaa, suruali ya suti imekunjwa magotini, barakoa ikining'inia kwenye sikio moja. Alikuwa ameshika chekeche la unga kwa mikono miwili, akilitikisa kwa subira ya mama anayeandaa chapati za Krismasi.

"Toa basi, rafiki yangu," alikuwa akimbembeleza mbuni. "Sukuma kidogo tu."

"Mzee Mwau," Katunge akasema. "Umeyapata?"

Mzee aligeuka, mdomo wazi. Juu, mbele, hapakuwa na jino hata moja, na pengo lilitosha kupitisha kidole gumba.

Yurub hakungoja maelezo. Alimpita, akapiga magoti kwa mbuni, akaweka sikio kifuani mwake. "Yuko hai. Kwa shida. Nzau, lete maji safi na hilo sanduku kubwa!"

Mwau alikalia gunia, akakiri yote huku akijifuta jasho kwa barakoa.

"Ni Jumapili, baada ya ibada. Nilimwinamia kumpa sukuma wiki, nikacheka. Yakatoka. Manne, ya bandia, na waya wake. Akayameza hata kabla hayajafika chini."

"Ukanyamaza kwa nini?"

"Kavata hajui, Inspekta! Siku ya kwanza kuongea na mimi aliniambia, 'Mzee Mwau, una meno mazuri.' Ningemwambia nini? Kwamba ni ya daktari wa Machakos? Nikasema yatatoka yenyewe, nitayachekecha, nitayachemsha. Halafu anakuja huyu na mashine ya kuona tumboni, na darasa la sita!"

"Kwa hiyo ukamficha ndege wako mwenyewe."

"Mpaka Jumamosi ipite."

"Ukamsingizia daktari."

Hapo Mwau akainamisha kichwa. "Nilisema tu ndiye wa mwisho kumshika."

"Na kazi yake yote ingeishia hapo. Unajua hilo?"

"Najua," akasema kwa sauti ndogo. "Nimeona haya, Inspekta. Haki ya Mungu nimeona haya."

Upasuaji ulifanyika pale pale, kwenye turubai, mlango wa kinu ukiwa wazi mwanga uingie. Mbuni angekufa njiani kurudi Emali. Katunge alikuwa ameshampigia simu Kavata, na Kavata, ambaye basi la safari ya sayansi alikuwa ameshalilipia, hakuona sababu ya kuliacha lilale. Watoto thelathini na wawili walipangwa nje ya mlango kwa kimo.

Mheshimiwa alihitaji mtu wa kumshikilia shingo. Nzau alishika taa na Mwau alitetemeka mno. Wote wakamtazama Inspekta. Katunge alifumba macho, akamwomba Mungu, akaishika. Ilikuwa ya moto na laini, ikidunda polepole, na baada ya dakika kumi aligundua kwamba alikuwa akiipapasa.

Sindano ya usingizi ilipomshika ndege, Yurub akachukua kisu. Alipasua ubavu wa kushoto, akafikia tumbo, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Vikaanza kutoka: boliti sita, vifuniko kumi na vinne, vijiko vitatu vya hoteli ambavyo Kimeu alikuwa amewalaumu wahudumu wawili kwa kuvipoteza, na kifungo cha shati la polisi ambacho Nzau alikitambua, akaishusha taa kidogo. Kisha akavuta kitu kingine taratibu, akakiosha, akakiinua kwenye mwanga.

"Meno!" darasa la sita likaitika kwa pamoja.

Waya ulikuwa umepinda na kokoto zilikuwa zimeyasaga nusu. Kavata akayatazama, akamtazama Mwau, na Mwau akaitazama sakafu.

"Ni yako?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mwau, hayo nimeyajua tangu mwaka jana. Ulipiga chafya wakati wa sadaka, yakaruka, ukayadaka na kitabu cha nyimbo. Nikasema, mwanamume mwepesi hivi, huyu ni wangu." Nzau alicheka, akakohoa kuficha. Kavata hakucheka. "Ambalo sikujua ni kwamba unaweza kukaa kimya mtoto wa watu akifungwa kwa ajili yako. Kesho utaenda na Inspekta, useme ulivyowadanganya polisi, upokee unachopewa. Jumamosi utasimama mbele ya watu, na pengo lako hivyo hivyo, umwombe daktari msamaha. Ukishindwa, mbuzi wako ukuje uwachukue."

Mwau alienda. Hakimu alimtoza faini, na yasemekana alificha mdomo kwa faili mara mbili alipokuwa akiisoma.

Jumamosi, Emali yote ilijaa uwanjani kwa Mwau. Mzee alisimama bila barakoa, akaomba msamaha kwa sauti iliyopuliza hewa, wala hakuna aliyemcheka mpaka alipoanza mwenyewe, na Kavata, kando yake, akafuata. Upande wa pili, nyuma ya ua, Mheshimiwa alikuwa amesimama na bandeji ubavuni, akitafuna majani, jicho lake kwenye bangili za kwaya.

Kuku na mbuzi walichinjwa na Abdisamad, ili wageni wote wale bila wasiwasi. Kimeu akaleta firigisi kwenye sahani yake, akasimama katikati, akiwa hajui dunia inaelekea wapi. Akamtazama Mwau. Mwau akatazama meza ya Yurub. Kimeu akashusha pumzi, akaiweka mbele ya daktari.

Yurub hakuigusa. Alimtazama baba yake aliyeketi kando yake, ndevu nyekundu kwa hina, mtu aliyeuza ng'ombe miaka arobaini na hakumtaja mtoto wake kwa wanunuzi hata mara moja. Akamsogezea sahani. "Aabo, chukua. Wewe ndiye mkubwa."

Abdisamad aliifikiria ile sahani, kisha akairudisha kwa kidole kimoja.

"Kula," akasema. "Kula, daktari."