Mashine ya Tatu Inachelewa Kujibu

Jumamosi ile viyoyozi vya jengo la maduka kule Cebu vilizimika saa ya chakula cha mchana, na ukumbi wa kulia ukajaa harufu ya mafuta ya nguruwe na jasho la watu. Liezl Cabahug alikuwa ameketi sakafuni kando ya kibanda cha nguruwe choma, kompyuta mapajani, akitafuta waya ulioachia, pale mwanaume mwenye fulana ya njano alipomkanyaga vidole.

"Samahani, Inday!" alisema, kama msichana yeyote anavyoitwa kule Cebu. "Nani anakaa chini watu wakila?"

"Anayetaka ule bila kulowa jasho."

"Basi nikanyage na mimi tulingane." Akautoa mguu mbele.

"Kiatu chenyewe cha chuma! Mjanja wewe."

Alikuwa Renante Ybañez, msimamizi wa chumba cha mashine zinazopoza jengo zima, na alikuwa akimtafuta fundi wa mawasiliano aliyeitwa na ofisi. Fundi mwenyewe ndiye huyo aliyekanyagwa. Waya ulipatikana, baridi ikarudi, Renante akanunua wali na nguruwe, na ngozi yote akamwachia Liezl. Mwanaume anayekuachia ngozi ya nguruwe choma hatanii.

Wakapendana. Kisha mama yake Liezl akafariki. Liezl alizika, akamaliza siku tisa za sala, akabandika kifuani kitambaa kidogo cheusi kinachovaliwa mwaka mzima wa matanga, akarudi kazini. Hakulia. Alikula bila kusikia ladha. Kila mchana Renante alipiga simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Mm."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Kilikuwa kitamu?"

"Sijui."

"Kesho nikuletee mawe basi, maana hutajua tofauti."

Alijua huo ni utani. Ila kicheko hakikuja. Na siku Renante alipomwambia amepata kazi Brunei, mkataba wa miaka mitatu, Liezl alisema, "Sawa." Renante akakata simu. Renante aliamini amechokwa. Liezl aliamini mwenzake ameshaamua. Wote wawili hawakuuliza.

Siku ambayo wakala wa kazi ya Brunei alitaka jibu kabla ya jioni, Liezl alikuwa katika chumba cha mashine, ovaroli ya bluu, nywele zimefungwa kwa raba, akiunganisha vidhibiti vya mashine zote na kompyuta mpya ya jengo. Ya kwanza ilijibu. Ya pili ilijibu. Ya tatu, ile kongwe, ilionyesha alama nyekundu.

"Imekufa," alisema Renante. Siku hiyo hakumwita Inday. "Ofisi wanataka tung'oe kidhibiti chake, tuweke kingine."

Liezl aliegemeza kiganja kwenye bomba la maji baridi lililokuwa likitiririka umande. Hakusikia baridi. Alikagua anwani ya kidhibiti, akakagua kasi ya mawasiliano yake na kompyuta, akavuta nyaya moja moja. Vyote sawa.

"Haijafa, Dong," alisema Liezl, kama vijana wa kiume wanavyoitwa kule. "Si unaisikia inanguruma?"

"Kompyuta inaiuliza, haijibu."

"Inajibu. Kompyuta ndiyo haisubiri. Kidhibiti ni cha zamani, kinatafuta jibu polepole. Kabla hakijalitoa, kinaulizwa tena, na tena, halafu kinaandikwa mfu."

Akafungua mipangilio, akaongeza muda wa kusubiri. Nyekundu ikabaki vilevile. Renante akavuta pumzi aseme neno. Liezl akainua kidole. Ndipo namba zikaanza kuingia: joto la maji yanayoingia, joto la yanayotoka, msukumo wa gesi.

Renante alizitazama muda mrefu, muda ambao namba hazihitaji.

"Liezl. Niende Brunei?"

Liezl akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alimwona Renante akianza, "Basi, nimekuele—" kama alivyozoea kumjibia kwenye simu. Safari hii alijikatiza mwenyewe. Alivuta ndoo tupu ya rangi, akaigeuza, akakaa. Simu yake ikaita, ni wakala. Akailaza kifudifudi gotini, ikaita mpaka ikanyamaza. Alikuwa bado anamtazama.

"Usiende," alisema Liezl.

"Mashine zinapiga kelele, sijasikia."

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka tena."

"Usiende. Kitambaa kikishatoka, nioe."

"Mama weee! Mtu anaposa kama anaagiza waya!"

"Sina sauti nyingine kwa sasa, Renante. Najua nakupenda, kama ninavyojua jina langu. Ila sisikii kitu. Si wewe tu, sisikii chochote. Na sijui lini nitasikia."

"Nilidhani umenichoka."

"Ungeuliza."

"Niliogopa ungesema 'sawa'."

Angekuwa Liezl wa zamani, angecheka hapo. Renante akainua simu, akampigia wakala, akamwambia amtafute mtu mwingine. Wakala alifoka mpaka Liezl akamsikia. Renante akashukuru kwa adabu, akakata.

Kisha akauona mkono wa Liezl, bado uko kwenye bomba, vidole vimepauka. Akauondoa taratibu, akauweka katikati ya viganja vyake, akaanza kuusugua.

"Barafu hii, Inday. Tangu saa ngapi umeegemea hapo?"

Renante hakurudia swali, aliendelea kusugua.

"Mkono unauma," alisema Liezl mwishowe, kwa mshangao, na akauacha mkono humo humo.