Tawi Lililolazwa Njia Panda

Asubuhi za likizo ya mwezi wa sita, nyumbani kwa akina Tupokigwe, mtaa wa Bagamoyo mjini Tukuyu, kazi zilikuwa zilezile: kufagia uwanja, kumenya ndizi za mchana, kuosha vyombo vya jana na kuchemsha chai kabla mama hajakaa kwenye cherehani. Siku hiyo Tupokigwe alizifanya zote, tena upesi, lakini akili yake haikuwa pale. Mikono ilishika ufagio, macho yalikuwa kwenye Mlima Rungwe, ambao ulikuwa umejifunika ukungu mpaka kiunoni.

Alikuwa na miaka kumi na tatu, na tangu alipojua kutembea hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Mama yake alimwita kiguu na njia, na hakumsingizia. Akitumwa dukani alirudi kwa kupitia sokoni. Akitumwa sokoni alirudi kwa kupitia stendi, na nyumbani watu wakingojea chumvi. Sasa fikiria mtoto wa namna hiyo alivyojisikia pale darasa lake lilipokwenda kutembelea msitu wa hifadhi mlimani, naye siku hiyo yuko kitandani anatetemeka kwa homa. Wenzake walirudi na hadithi zisizokwisha. Sabrina, aliyekaa naye dawati moja, aliwaona mbega wakiruka kutoka mti hadi mti, akashika mianzi ya porini kwa mikono yake, na kila Tupokigwe alipotia neno alikatwa: "Wewe hukuwepo, utajuaje?"

Maneno hayo yalimwingia moyoni yakakaa. Shule ilipofungwa alidhani atayasahau, lakini mlima wenyewe ulikuwa unaonekana kutoka uwanjani kwao. Kila alipotoka nje ulikuwa pale.

Basi asubuhi hiyo, aliposikia mama akisema ana nguo nyingi za kushona na hatatoka kutwa nzima, alijikuta anaomba ruhusa ya kwenda Lupepo kwa shangazi Hellen, akamsaidie kuvuna maharage. Uongo ulimtoka laini, hata yeye mwenyewe alishangaa. Mama alifurahi kuona mtoto wake anapenda kazi. Akampa nauli, akamwagiza amsalimie wifi yake, akamkumbusha kuvaa sweta na kurudi kabla jua halijazama.

Kwenye kijiwe cha bodaboda Tupokigwe hakuulizia Lupepo. Alimpata kijana mmoja aitwaye Lukasi, wakakubaliana ampeleke hadi kijiji cha mwisho chini ya mlima, kisha amfuate alasiri palepale atakapomshusha, kwenye duka la kijiji. Lukasi alimtazama, akauliza kama ana wenyeji huko. Tupokigwe akajibu kwamba anao. Huo ulikuwa uongo wa pili, na haukumsumbua kama wa kwanza.

Alipoteremka hakusimama hata kupumua. Alipita migomba, akapita miparachichi, akapita shamba la chai, mpaka akafika ukingo wa msitu ambako palikuwa na kibao. Kibao kilisema hairuhusiwi kuingia bila kibali na mwongozaji. Tupokigwe alikisoma chote, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi hodari wa kusoma, halafu akapita pembeni yake.

Ndani kulikuwa na baridi na giza la kijani. Maji yalidondoka kutoka kwenye majani ingawa mvua haikuwa ikinyesha. Ndege alilia mahali asipoonekana. Tupokigwe alipanda haraka, akitaka kuona kilichoko baada ya kona, na akiifika kona akataka kuiona inayofuata. Mbega hakuwaona. Alisikia matawi yakitikisika juu, akainua kichwa, akakuta majani tu. Wasiwasi ulianza kumwingia, si wa kupotea, bali wa kurudi mikono mitupu. Sabrina angemwamini kwa lipi?

Ndipo akafika mahali njia ilipogawanyika. Ya kulia ilikuwa nyembamba, imepanda mlima. Ya kushoto ilikuwa pana na tambarare, na juu yake, kuikata kutoka ukingo hadi ukingo, lilikuwa limelala tawi bichi lenye maua mekundu. Maua ya namna ile hakuwahi kuyaona mjini. Aliliokota, akalikung'uta umande, akaliweka begani akiwa amefurahi kupita kiasi. Sasa ushahidi alikuwa nao.

Akafuata njia ya kulia. Hakwenda mbali kabla hajasikia mapanga yakikata na watu wakiongea mbele yake. Watu wa kibali hao, alijiambia, na akajificha kwenye kichaka, akajikunyata huku tawi lake likimdondoshea maji shingoni. Alikaa hapo muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa mahali popote kwa hiari yake. Sauti zilipozidi kusogea mbali, alitoka na kuteremka mbio. Njia nzima hakukutana na mtu.

Dukani kijijini alikaa kwenye benchi la barazani kumngoja Lukasi. Manyunyu yalianza. Tawi alikuwa ameliegemeza nyuma ya benchi, na alikuwa anapanga namna atakavyomsimulia Sabrina, mara wakatokea wanaume wameshika mapanga, wamelowa, na nyuso zimekunjamana kwa njaa. Aliyewaongoza aliitwa Ambilikile, mtu mrefu wa makamo, msimamizi wa kazi ya kusafisha njia za mlimani. Alimuuliza mwenye duka, mama mmoja mtu mzima, kulikoni leo chakula hakikuletwa.

Yule mama aliacha kupima sukari. Akasema chakula kilikwenda kabla ya mchana. Mkwewe, Winfrida, alikipandisha mwenyewe, sufuria la ndizi kichwani na chupa ya chai mkononi.

Hapo malalamiko ya njaa yakaisha. Winfrida alikuwa ameolewa kijijini miezi michache tu iliyopita, akitokea Kyela kwenye tambarare, na mlimani hakuwahi kupanda. Mumewe, Anyitike, alikuwa mmoja wa wale wanaume. Aliweka panga chini.

"Nilimwambia afuate njia isiyofungwa," alisema. "Pale njia panda nililaza tawi mwenyewe, kushoto. Tena lenye maua mekundu, hata mtoto angeliona."

"Basi kushoto hakwenda," Ambilikile alisema. "Na sisi tumeshukia njia ya mkato ya upande wa pili, tusingekutana naye. Atakuwa amekosea huku chini, akaangukia njia za mtoni. Tugawane tushuke huko."

Tupokigwe alielewa. Kumbe tawi lile halikuwa limeanguka. Lililazwa kwa makusudi na aliyetangulia, ili anayefuata ajue njia ipi asipite. Na sasa watu wote hawa walikuwa wanaliamini tawi ambalo lilikuwa nyuma ya mgongo wake. Alitaka kusema. Mdomo uliandaa neno, akakumbuka kibao, akakumbuka mama, akakumbuka Lupepo, na badala ya kusema alilisukuma tawi kwa kisigino mpaka likaingia chini ya benchi.

Pikipiki ikasimama mbele ya duka. "Dogo, panda twende, mvua hiyo," Lukasi alimwita.

Akapanda. Alijionea aibu, lakini alipanda. Hakuna aliyemtazama, na wakifika mjini hakuna atakayejua. Pikipiki ilipita shamba la chai. Manyunyu yalikuwa yanamchoma usoni, na baridi ilikuwa inapenya sweta. Kama huku chini ni hivi, alijiuliza, kule juu kukoje, na yule dada wa Kyela amevaa nini miguuni? Alijigeuza kwenye kiti, akatazama nyuma, akatazama mbele, akageuka tena. Lukasi alimwambia atulie asije akawaangusha.

Tupokigwe akamgonga begani. "Kaka, nirudishe."

"Umesahau nini?"

"Nimesahau kusema kitu."

Waliwakuta wale wanaume wameshagawana makundi, wanaanza kuteremkia upande wa mto. Tupokigwe aliinama chini ya benchi, akalivuta tawi, akalinyanyua waone wote. Alisema yeye ndiye aliyeliokota, kwamba alidhani limeanguka tu, na kwamba walipokuwa wanaongea alilisikia jambo lote na akanyamaza kwa kuogopa.

Anyitike alimjia kwa hasira. Ambilikile alinyoosha mkono, akamzuia kifuani.

"Lilikuwa limefunga njia ipi?" aliuliza taratibu.

"Ya kushoto, baba. Ile pana."

Hawakumgombeza wala hawakumshukuru. Waligeuka wote wakaelekea mlimani mbio, maana walijua kile alichokuwa hakijui: njia ile pana inaishia kwenye korongo.

Tupokigwe alitaka kwenda nao, akaambiwa akae. Na hilo, kwa mtoto kama yeye, lilikuwa gumu kuliko kuchapwa. Alikaa, akasimama, akaenda ukingo wa baraza, akarudi. Mama mkwe wa Winfrida hakumsemesha. Alimletea ungo wa maharage tu, na wote wawili wakawa wanayachambua bila neno, mmoja akiomba kwa Kinyakyusa chini kwa chini, mwingine akilia kimya kimya. Lukasi naye alizima pikipiki akangoja, wala hakusema habari ya wateja wengine.

Mwanga ulikuwa umeanza kupungua waliposikia sauti. Winfrida alikuwa katikati yao, anachechemea, mkono mmoja begani kwa mumewe, na kichwani kwa Ambilikile, msimamizi mzima, kulikuwa na sufuria la ndizi. Alikuwa ameteleza karibu kabisa na korongo, kifundo cha mguu kikageuka, akabaki pale ameshikilia mzizi, akiita mpaka sauti ikamkauka. Walipomwegemeza kwenye benchi, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba samahani, chakula kimepoa. Wanaume walicheka, na mmoja wao alijifuta macho.

Tupokigwe alipiga goti mbele yake. "Dada, nisamehe. Ni mimi niliyeliondoa tawi."

Winfrida alimshika mkono. "Wameniambia," alisema. "Wameniambia pia kwamba ulikuwa umeshaondoka, ukarudi. Ndaga, asante, mdogo wangu. Wangekwenda mtoni, asubuhi wasingenikuta mzima."

Hapo ndipo Tupokigwe alipolia kwa sauti. Walipomaliza kumfunga Winfrida mguu, Ambilikile alikuja akaketi karibu naye barazani.

"Kuokota tawi hukujua," alisema. "Umekulia mjini, na sisi wakubwa hatukukufundisha. Sasa umejua, ukiliona limelala njiani uliache. Niambie jambo lingine. Nyumbani wanajua uko wapi?"

Tupokigwe alijibu, "Wanajua niko Lupepo. Kwa shangazi."

Ilionekana Ambilikile anafikiria jambo lililomtisha kuliko yote ya siku ile.

"Kwa hiyo kama ungeteleza korongoni wewe," alisema, "mama yako angetukusanya watu wote twende Lupepo. Tungezunguka huko na mataa, tukiita jina lako kwenye mashamba ya maharage, na wewe uko huku."

Tupokigwe aliinamisha kichwa. Alimwona mama akitembea gizani Lupepo, akiita. Ilimuuma kuliko neno lolote alilowahi kuambiwa.

"Leo umeondoa matawi mawili, mwanangu," Ambilikile aliendelea. "La mlimani hukulijua. La nyumbani ulilijua. Mtu akimwambia mzazi wake ukweli wa mahali aendako, hiyo ndiyo alama tutakayomtafutia. Anayedanganya ameiondoa mwenyewe, na siku akiita, watu wanaompenda watakuwa mbali, wanamtafuta mahali asipokuwepo. Ulirudi ukasema, na kwa hilo mtu ni mzima. Lakini kazi ya kusema hujaimaliza."

Akatoa simu mfukoni. Tupokigwe alimwomba azungumze yeye kwanza, mama atamsikiliza mtu mzima. Ambilikile alikataa. Alisema atasimama pale pembeni, na kama mama atataka kujua kwamba mtoto wake yuko mikononi mwa watu wema atamthibitishia, lakini maneno ya mwanzo si ya kwake.

Tupokigwe akabonyeza namba anayoijua kwa moyo. Simu iliita. Kwa mara ya kwanza siku ile miguu yake ilikuwa imetulia. Mama alipokea haraka, akauliza mbona amechelewa, na je, shangazi hajambo.

"Mama," Tupokigwe alisema, "siko Lupepo."