Maneno Aliyoongeza Mbuke

Kila siku kabla jua halijapanda, Mbuke alikuwa ameshateremka lamboni mara mbili na kurudi, ndoo kichwani, bila kumwaga tone. Lambo lilikuwa karibu: ukipiga ukelele kutoka nyumbani kwao, aliye majini anaitika. Akimaliza alinawa miguu, akavaa sare yake ya darasa la tano, na kengele ya shule ikamkuta amekwisha kufika mstarini. Mama yake alikuwa na mguu mbovu tangu alipojifungua mtoto wa mwisho, kwa hiyo maji ya nyumba nzima yalibebwa na kichwa cha Mbuke. Hakulalamika. Maji yakiwa karibu, mtoto anasoma.

Mwaka huo, 1974, amri ilikuwa moja nchi nzima: watu waache kukaa mmoja huku na mwingine kule, wahamie vijiji vya pamoja. Wako walioipenda amri hiyo na wako walioichukia. Kwao Mwalubugu hata waliokubali kuhama hawakukubaliana wahamie wapi. Bwana mmoja wa wilayani aliwaambia wachague wenyewe: kijiji kijengwe Lamboni, au kijengwe Barabarani, kwenye njia ya mabasi yatokayo Tinde kwenda Kahama. Barabarani kulikuwa na mabasi, ghala la pamba na duka la Velji. Maji hayakuwapo; yalifuatwa maili tatu.

"Tukienda Barabarani, shule basi," alisema baba yake Mbuke, Mzee Mageni, wakila ugali. "Mama yako hawezi maili tatu. Nani atachota?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesema mvua haijanyesha, na hilo ndilo lililomtisha Mbuke.

Siku ya kura watu walikusanyika uwanja wa shule. Mwalimu Theonest, mkuu wa shule, ndiye aliyekuwa katibu wa kijiji pia. Hakuwa mwenyeji, alitoka Bukoba. Aliona wasemaji wakali ni wawili tu, Maige akitetea Barabarani na Bujiku akitetea Lamboni. Basi akatangaza, "Wanaotaka Barabarani wapange mstari nyuma ya Maige. Wanaotaka Lamboni, nyuma ya Bujiku."

Maige alikuwa manju, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo, wa kundi la ngoma la Wagika. Bujiku alikuwa manju wa Wagalu. Kila baada ya mavuno makundi hayo mawili hushindana uwanja mmoja, wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Watu wakapanga mistari. Mwalimu akahesabu. Barabarani mia moja arobaini na tatu. Lamboni mia moja ishirini na moja.

Ndipo Mbuke akakumbuka. Asubuhi hiyo alitumwa chumvi dukani, akamwona Maige akitoka mlango wa nyuma wa Velji, robota la kitambaa chekundu begani. Velji alimpiga bega huku akicheka, akamwambia neno. Neno gani, Mbuke hakulisikia, maana basi la Kahama lilikuwa linanguruma pale pale.

"Tumeibiwa," alimwambia rafiki yake Esta walipokutana lamboni. "Maige amehongwa kitambaa na Velji. Kijiji kikihamia dukani kwake, nani atafaidi?"

Esta alitua ndoo. "Uliwasikia wakipatana?"

Mbuke aliyatazama maji. Angesema hapana, habari ingefia hapo hapo.

"Niliwasikia. Velji alimwambia, 'Wapange watu wako upande wangu.'"

"Gete? Kweli kabisa?"

"Gete. Kwa masikio yangu haya."

Neno hilo halikungoja ndoo zijae. Jumatano robota moja lilishakuwa mawili. Ijumaa kulikuwa na baiskeli mpya iliyofichwa kwa shemeji yake Maige. Jumapili, kwenye gulio la Tinde, vijana wa Bujiku walikuwa wameshatunga wimbo:

*Velji kapima kitambaa, Maige kapima watu;*
*biashara imekaa, kijiji si chetu katu!*

Mwalubugu ikabadilika. Jirani aliyekuja kuomba moto aliulizwa kwanza alisimama mstari gani. Wanawake wakaacha kununua chumvi kwa Velji, wakaifuata mbali kwa miguu. Jioni moja mawe yaliangukia bati la duka, na moja likampata mkononi Mama Taramati, mke wa Velji, alipokuwa anaanua nguo. Mbuke naye hakuwa na raha. Watoto wakinong'ona, alidhani wanamnong'ona yeye. Mwalimu akimtazama, alidhani anajua. Hata Esta alimshuku: je, ametaja jina langu?

Alikuwa amelitaja. Mkutano wa pili ulipoitishwa, kuamua kama kura irudiwe au isirudiwe, kila mtu alijua habari ilianzia kwa nani.

"Kura ya wizi si kura!" Bujiku alifoka. "Irudiwe!"

"Kila anayeshindwa akidai turudie," Maige alijibu, "tutapiga kura mpaka pamba ioze ghalani! Kitambaa ni cha ngoma. Wachezaji wangu walichanga, nikanunua. Mwaka jana kilikuwa cheupe, mbona hamkuuliza?"

"Kununua gani huko kwa mlango wa nyuma?" mwanamke mmoja alimrushia.

Velji alisimama, kofia mkononi. "Mama, marobota yako stoo, na stoo iko nyuma. Ulitaka nitoboe ukuta wa mbele?"

Mmoja akacheka, akaona wenzake hawacheki, akanyamaza.

Mwalimu Theonest aliinua mkono. "Sikilizeni. Kura hairudiwi kwa sababu mtu kaumia kushindwa. Inarudiwa kama haikuwa ya haki. Yuko anayesema alimsikia Velji akimnunua Maige. Asimame, aseme."

"Simama, mwanangu," Mzee Mageni alisema, na sauti yake ilijaa fahari. "Usiogope mtu. Sema ulichosikia."

Mbuke akasimama. Alijua wazi kilichokuwa mbele yake. Sentensi moja tu, na kura itarudiwa. Huenda Lamboni ikashinda naye akabaki shuleni. Tena si sentensi mpya. Kijiji kizima kilikuwa kinaisema, na wengine wanaiimba. Akamtazama Velji, kisha Mama Taramati aliyeketi ukingoni peke yake, nafasi tupu kuume na kushoto, mkono umefungwa kitambaa. Mama huyo hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayengoja jiwe jingine.

"Niliona kitambaa," Mbuke alisema.

"Sauti!" watu wa nyuma walidai.

"Niliona kitambaa! Lakini sikusikia neno. Basi lilikuwa linanguruma. Yale maneno ya Velji niliyaongeza mimi."

Mzee Mageni alikaa chini polepole, kama mtu aliyewekewa gunia begani.

"Kwa nini, Mbuke?" Mwalimu aliuliza.

"Nilitaka turudie kura. Barabarani hakuna maji. Baba alisema tukihamia huko, nitaacha shule."

Kisha Maige akapiga makofi mara moja. "Mmesikia wenyewe! Wizi haukuwapo. Kura imesimama, twendeni tukajenge!"

Watu wakaanza kukung'uta nguo zao, wengine kwa aibu, wengine wakimtupia Mbuke jicho baya. Hapo Bibi Melania, ajuza wa kundi la Wagika, akagonga fimbo yake chini.

"Kaeni! Mtoto kasema lake mbele ya watu wazima, na sisi watu wazima tunakimbia? Nami nina langu. Ng'ombe wangu wananywa Lamboni. Mtama wangu uko Lamboni. Mwalimu, unajua kwa nini nilisimama mstari wa Barabarani?"

"Sijui, mayu, mama yangu."

"Kwa sababu mbele yake alisimama Maige! Mimi ni Mgika. Tangu usichana wangu sijasimama nyuma ya Mgalu, nami sitaanza sasa nikiwa sina meno!"

Kicheko kilipasuka uwanja mzima, kicheko cha kwanza baada ya wiki mbili. Mgalu mmoja mwenye mkokoteni akainuka upande wa pili. "Basi na mimi niseme. Nataka Barabarani, mizigo yangu iko huko. Lakini ningemwacha Bujiku siku ile, ndugu zangu wangenicheka mpaka mavuno."

Mikono ikainuka huku na huku. "Na mimi!" "Hata mimi!" Mwalimu Theonest alijishika kichwa.

"Ndugu zangu, kosa ni langu," alisema. "Niliwaita kwenye kura, nikawapanga kwenye ngoma."

Maige aliwatazama watu wake. Alikuwa mtu wa kiburi, na kila mmoja aliona jinsi neno lilivyokataa kumtoka. Mwishowe akasema, "Nikiwashinda Wagalu kwa ngoma, nitaimba. Ushindi huu siwezi kuuimba. Irudiwe."

Jumamosi iliyofuata hapakuwa na mstari wala manju. Kila mtu mzima alipewa punje moja ya kunde, akaingia darasani peke yake. Mlikuwa na mitungi miwili, mmoja umechorwa gurudumu kwa chaki, wa Barabarani, mwingine umechorwa ng'ombe, wa Lamboni. Alipotoka, hakuna aliyemuuliza ameitia wapi. Kunde zilimwagwa mkekani mbele ya wote, zikahesabiwa na Mgika mmoja na Mgalu mmoja.

Barabarani mia moja thelathini na tisa. Lamboni mia moja ishirini na sita.

Mbuke aliinamisha uso. Alisema kweli, na bado Lamboni imeshindwa. Lakini baba yake alikuwa amesimama.

"Safari ile nilisema nimeibiwa," Mzee Mageni alianza. "Leo sikuibiwa, nimeshindwa. Aliyeshindwa kwa haki hahitaji kushikiwa fimbo, nitahama. Lakini ninyi mlioshinda, niambieni: binti zetu watachota wapi maji?"

"Hapo sasa!" Bibi Melania alidakia, na wanawake wa pande zote mbili wakaitikia. Hakuna aliyeweza kuwaita waongo, wala kusema wanatafuta sababu ya kukataa kura. Mkutano ukaamua nguzo ya nyumba yoyote isisimame Barabarani kabla ya kisima kutoa maji. Walichimba kwenye mchanga wa korongo nyuma ya ghala, zamu kwa zamu, na siku ya kumi na saba mchanga ukalowa, kisha maji yakaja. Mwaka uliofuata Mbuke aliingia darasa la sita.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Alasiri ile ile ya kura, Mzee Mageni alimwita binti yake, wakashika njia ya Barabarani wawili tu.

"Baba, una hasira?"

"Ninayo. Tena ya kwangu mwenyewe imo. Nilikuambia shule basi, nikakuacha na mzigo huo peke yako, nisifikirie hata kuuliza watu juu ya kisima. Lakini sikiliza. Macho yako yalikuwa sahihi: uliona kitambaa. Ungesema umeona kitambaa, tungemuuliza Maige naye angejibu. Ulipoongeza maneno, hatukuuliza tena, tulichukua mawe. Kura ikiharibika, tunagawa kunde tukapiga tena. Jina la mtu likiharibika, tutagawa nini? Ulichokiona, sema umekiona. Usichokisikia, usikitie kinywani mwa mwenzako, hata kama unataka jambo jema."

Walipofika, Velji alikuwa akipima sukari. Aliwakaribisha kwa kichwa tu. Mama Taramati alitoka nyuma, mkono bado umefungwa.

"Shikamoo, mama," Mbuke alisema.

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Niliwasingizia."

"Uliyasema uwanjani, niliyasikia," Mama Taramati alijibu. "Ulifanya vizuri kusema. Lakini nimekaa hapa miaka ishirini na sita, watoto wangu wamezaliwa hapa, na mwanangu Taramati ameniuliza tumewakosea nini watu hawa. Tangu siku ya mawe hatoki nje. Nimwambie nini?"

"Mwambie ni mimi."

"Yuko ndani," Mama Taramati alisema, akasogea mlangoni kumpisha. "Mwambie mwenyewe."

Mbuke alimtazama baba yake. Baba hakumsaidia. Basi akavua viatu kizingitini, akaingia.